Jiko la kuni la kudumu: lipi la kwanza, lipi la mwisho, na fundi akija utarajie nini

Kama unapanga chumba Kampala, jiko la kuni si lako. Kuni za mjini ni ghali na huna pa kuzianika, jirani atalalamikia moshi, na mwenye nyumba hatakubali utoboe bati lake. Heri gesi, au hata umeme: tangu 2022 mamlaka ya umeme, ERA, iliweka bei ya kupikia inayofanya uniti za 81 hadi 150 za mwezi ziwe na bei ya chini kuliko zile za 16 hadi 80.

Ninaoandikia hapa ni wenye kiwanja chao Arua, Bombo, Masindi, Kasese au Mbale, wenye jiko la nje ambalo mafiga matatu yameshapaka kuta masizi mpaka juu. Wengi waliokuwa wamehamia kwenye mkaa wanarudi kwenye kuni, hasa baada ya amri ya Rais ya Mei 2023 kuzuia uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Kurudi kwenye kuni si vibaya. Kurudi kwenye moshi ndiko kubaya: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na anayeivuta zaidi ni yule aliyeinama mbele ya moto pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake.

Nimezipanga aina nne. Kabla ya kuchagua, angalia vitu viwili nyumbani kwako: paa na sufuria. Fundi asiyeviuliza siku ya kwanza, mpe chai na umuage kwaheri.

La kwanza: roketi ya matofali yenye dohani

Kwa familia iliyo kwenye nyumba yake, sioni linaloshinda hili. Chumba chake cha moto kina umbo la herufi L. Kuni zinaingia chini zikiwa zimelala, miali inapanda kwenye shimo lililosimama, na shimo hilo limezungushiwa kitu kisichopitisha joto. Moto ukibanwa hivyo unakuwa mkali kiasi cha kuunguza hata moshi wenyewe kabla haujatoka. Kanuni hizo zilipangwa na Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, Oregon, Marekani, katika miaka ya 1980, na mafundi wa Uganda wamezijua kwa miaka mingi sasa.

Sufuria inasimama imara, kwa hiyo unaweza kusonga posho ya watu kumi bila mtu wa kukushikia. Na kwa matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, yale yanayokaa motoni tangu asubuhi hadi adhuhuri, vijiti viwili vitatu vinatosha kuendeleza mvuke.

Jiko hili huharibikia kwenye mambo matatu, na yote matatu utayaona kwa macho fundi akiwa kazini.

Mdomo mpana ndio kosa la kwanza. Kwa jiko la nyumbani, shimo la sentimita 12 hadi 14 kila upande linatosha. Baba mwenye nyumba akisema lipanuliwe ili magogo yaingie, mkatalie kwa heshima: hewa baridi itajaa ndani, na umerudi kwenye mafiga, ila sasa umeyalipia. Gogo hupasuliwa kwa shoka, jiko halipasuliwi.

Halafu kuna tofali. Tofali la ukuta ni zito na hunyonya joto ambalo ungelitaka kwenye sufuria. La chumba cha moto hufinyangwa kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao. Likichomwa tanurini unga unaungua na kuacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoroke. Shika moja kila mkono. Ukiona uzito ni uleule, uliza maswali.

Na sementi. Fundi wa nyumba anaipenda kwa sababu ndiyo aliyoizoea, lakini sementi haivumilii moto, itapasuka. Ndani ya jiko kiungio kiwe udongo wa kichuguu. Sementi ibaki kwenye lipu ya nje, kwa urembo.

Siku ya kupima, leta sufuria zako zote, pamoja na ile kubwa ya msiba na harusi. Nafasi kati ya sufuria na ukuta wa jiko iwe kama sentimita moja. Ikizidi sana, moto unapita pembeni bila kugusa kitu. Kimo cha jiko pia kinaamuliwa siku hiyo. Wapo wanaopika wakiwa wamekaa kwenye kigoda na wapo wanaopika wamesimama. Aulizwe anayepika, anayelipa anyamaze kidogo.

Dohani, mahali pesa zinapopotea

Karibu kila lawama ninayoisikia kuhusu majiko ya kudumu inahusu bomba, jiko lenyewe huwa halina neno. Ama mvua inaingia, ama moshi unarudi ndani, ama mbao za paa zinaanza kubadilika rangi.

Mvua kwanza. Fundi akitoboa bati katikati ya mteremko na kuziba kwa gundi, gundi hiyo itapikwa na joto la bomba, na msimu wa masika utakuonyesha. Bomba litokee karibu na kipeo cha paa. Kipande cha bati cha kulizunguka kiingie chini ya kofia ya paa upande wa juu, na upande wa chini kilale juu ya bati ili maji yatiririke. Juu ya bomba kuwe na kofia yake.

Moshi unaorudi mara nyingi unatoka kwenye bomba fupi. Upepo ukigonga mteremko wa paa unashuka, na bomba likiishia chini ya kipeo linaumeza. Lipite kipeo kwa sentimita 60 hivi. Lisiwe na kona nyingi pia, maana kila kona ni kituo cha masizi. Na lazima pawe na kijimlango cha kusafishia. Kama fundi amelijengea lote ukutani bila pa kuingiza brashi, amekuuzia jiko la msimu mmoja.

Mbao ni jambo la uhai. Bomba la chuma jembamba likae mbali na kenchi na mbao zote. Wenye kanuni kali huko Marekani wanataka sentimita 45. Kipande kilicho karibu na moto kisiwe cha bati lililopakwa zinki, kwani zinki ikipata joto kali hutoa mvuke wenye madhara. Tumia matofali, mabomba ya mfinyanzi au chuma cheusi kinene; bati la kawaida lianzie juu zaidi, moshi ukishapoa.

Na paa la nyasi? Usitoboe. Cheche moja tu ya kiangazi itakumalizia nyumba. Dohani ya matofali ipitishwe ukutani na kupandishwa nje, mbali na ukingo wa nyasi, au jiko lijengwe kwenye kibanda cha bati. Fundi akikuambia «bomba tutaliweka baadaye», mbakizie nusu ya pesa mpaka hiyo baadaye ifike. Kwa kweli mbakizie hata kama hajasema hivyo: sehemu ya mwisho ya malipo ilipwe baada ya moto wa kwanza mkubwa, na kama ni msimu wa mvua, baada ya mvua moja nzuri.

La pili: Lorena ya udongo

Pesa zikiwa chache na nguvu zipo, hili hapa. Lorena ya asili ilitokea Guatemala mwaka 1976, na ilikuwa na kasoro yake: bonge zito la udongo lililojipasha joto lenyewe kabla ya kupasha chakula. Iliyoenea Uganda ni ndugu yake iliyoboreshwa, Lorena ya roketi, ambayo Wizara ya Nishati pamoja na shirika la Ujerumani la GTZ waliifundisha vijijini, Bushenyi ikiwemo, katika miaka ya 2000. Uliza waziwazi unajengewa ipi kati ya hizo mbili.

Vifaa vyake karibu vyote unavyo: udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwakatwa, unga wa mbao na shina la mgomba. Udongo na nyasi huchanganywa na kuachwa siku kadhaa. Vipande vya mgomba husimamishwa mahali pa chumba cha moto na njia za moshi, udongo unashindiliwa kuvizunguka, kisha vinatolewa na kuacha matundu laini. Kuzunguka chumba cha moto panawekwa mchanganyiko wenye unga mwingi wa mbao. Usikubali hatua hiyo irukwe.

Jiandae kusubiri. Kukauka kunachukua wiki mbili hadi tatu, na mvua zikiwepo ni zaidi. Nyufa ndogo zitatokea na zinazibwa kwa udongo uleule. Moto wa mwanzo uwe wa vijiti tu. Anayelipikia ugali siku ya tatu kwa sababu wageni wamekuja atalijenga tena. Shimo la pili la nyuma, lisipokuwa na sufuria, lifunikwe, la sivyo moshi unapata njia ya mkato kuingia jikoni.

Lorena naiweka ya pili kwa sababu ya maji tu. Paa likivuja juu yake au sakafu ikijaa maji, inayeyuka.

La tatu: la kubebeka

Mpangaji wa nje ya mji, mwanafunzi, na jamaa walio kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali ambao hawajui mwakani watakuwa wapi, hawana sababu ya kujenga. Wanunue jiko la chuma lenye ukuta wa ndani wa mfinyanzi. Liinue: jepesi kupita kiasi maana yake ni bati tupu, na bati tupu sikuorodhesha popote. Gonga ukuta wa ndani kwa kucha na usikilize kama umepasuka. Muulize muuzaji kama jiko limepimwa CREEC, kituo cha nishati kilichoko Chuo Kikuu cha Makerere, na kama lina alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Matokeo ya vipimo hivi siku hizi huandikwa kwa daraja, kuanzia 0 hadi 5, na 5 ndiyo bora.

Halina dohani, kwa hiyo lipikiwe nje au mlangoni. Mengine huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu mradi wa hewa ukaa, yaani ule unaolipwa kwa kupunguza hewa hiyo, unalipa sehemu. Ukijazishwa fomu na kuombwa namba ya simu, soma unachosaini, na ujue watakuja kukagua kama bado unalitumia.

La nne: la chuma la kupasha joto

Hili ni la Kabale, Kisoro na Kapchorwa, kwenye miinuko ya karibu mita 2,000 ambako blanketi moja halitoshi. Wenye hoteli na nyumba za wageni hulinunua, mara nyingi kutoka nje. Ni zito, kwa hiyo sakafu ya mbao haifai; weka jukwaa la mawe au zege. Bomba lake linataka masharti yote niliyoyataja, kwa ukali zaidi, kwa kuwa watu watalala karibu nalo. Kama lina mlango wa kioo, hakikisha kamba ya kuziba pembeni ni nzima, na usilale bila kidude cha kutambua kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Wasio na uwezo wa kununua jiko hili wasiingize sigiri ya mkaa chumbani badala yake. Hewa ni ileile, na sigiri haina bomba kabisa.

Kuni za jiko lolote kati ya haya zianikwe chini ya paa miezi kadhaa, zimepasuliwa. Mkaratusi uliokatwa juzi utatoa moshi hata kwenye roketi iliyojengwa na Winiarski mwenyewe, na lawama zote zitamwangukia fundi.