Gemu zinakwamakwama? Uzoefu wangu wa kusasisha draiva za kadi ya grafiki

Lalamika mbele ya wachezaji wowote kwamba gemu zako zinakwamakwama, na jibu la kwanza litakuwa "sasisha draiva", yaani ile programu inayoiongoza kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha za skrini. Ushauri huo hutolewa kama panadol: kichwa, mgongo, goti, meza hiyo kwanza halafu tutaona. Nimeufuata kwenye kompyuta mbili, ya mezani ambayo ni yangu na laptopu ya mdogo wangu. Ya mezani ilipona kabisa. Laptopu haikusikia dawa. Ninaandika kwa sababu ya tofauti hiyo, maana dalili zilikuwa zinafanana na mtu angeweza kudhani ugonjwa ni mmoja.

Nianze na ya mezani. Kadi yake ni ya wastani, na kwa namba tupu haikuwa na shida: kona ya skrini ilionyesha zaidi ya fremu 70 kwa sekunde, yaani picha mojamoja zinazounda mwendo. Lakini nikigeuza kamera ya gemu kwa haraka picha inaruka, inaganda kidogo, kisha inakimbia kufidia. Kwenye gemu za mbio za magari ilikuwa inachosha macho, na kwenye za risasi unakufa kabla hujamwona aliyekuua.

Namba ya wastani inadanganya, na hili watu wengi hawaambiwi. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu inapewa takriban milisekunde 16.7. Ikitokea fremu moja ikachukua milisekunde 80 na nyingine zikawahi, wastani wa sekunde ile hautikisiki sana, lakini jicho limeshaona kigugumizi. Kwa hiyo usiangalie wastani, angalia muda wa kila fremu. Zipo programu za bure zinazouchora kama mstari: MSI Afterburner ikiwa na RivaTuner, CapFrameX, au PresentMon ya Intel. Mstari ukiwa tambarare, gemu inateleza. Wangu ulikuwa na vilele virefu kila baada ya muda mfupi, hata nikiwa nimesimama tu natazama ukuta. Vilele vinavyokuja wakati hakuna kinachotokea kwenye gemu vilinifanya nishuku draiva kabla ya kushuku kadi yenyewe.

Kuangalia toleo la draiva hakuhitaji fundi. Fungua Device Manager ya Windows, nenda kwenye vifaa vya kuonyesha picha, bofya kadi yako mara mbili, kisha fungua ukurasa wa draiva. Utaona tarehe na namba ya toleo. Ya kwangu ilikuwa imeipita kwa umri gemu niliyokuwa nacheza, yaani iliandikwa kabla gemu hiyo haijatoka. Haikuwa ajabu, kwa sababu sikuwa nimeisakinisha mimi. Windows Update iliileta yenyewe nilipoweka mfumo upya. Draiva zinazokuja kwa njia hiyo ni salama na zinatosha kwa video na kazi za ofisi, ila mara nyingi ziko nyuma ya zile zilizo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Na kama hapo unasoma maneno "Microsoft Basic Display Adapter", usitafute sababu nyingine: kompyuta haina draiva ya kadi hata kidogo, inajikongoja na ile ya dharura, na hakuna gemu ya maana itakayokwenda.

Kwa nini tarehe iwe na uzito? Gemu haizungumzi na kadi moja kwa moja. Inatoa maagizo kwa DirectX au Vulkan, ambazo ni lugha za kati za kuchora picha, na draiva ndiyo inayoyageuza kuwa kazi ambayo chipu ile hasa inaielewa. Gemu kubwa ikitoka, NVIDIA, mmoja wa watengenezaji wa kadi, hutoa draiva inayoitwa Game Ready karibu na siku hiyohiyo, washindani wao AMD nao husasisha draiva yao, Adrenalin, na Intel vivyo hivyo. Mfano ulionishawishi kuliko yote ni kadi za Intel Arc. Zilipoingia sokoni mwaka 2022, gemu za zamani za DirectX 9 zilikuwa zinasuasua humo. Intel wakaandika upya sehemu hiyo ya draiva, na gemu zilezile, kwenye kadi zilezile, zikaanza kukimbia kwa tofauti ya kuonekana. Hakuna aliyefungua kompyuta yake wala kuongeza kifaa.

Sasa, njia ya kuipata. Kabla ya kwenda kwa mtengenezaji nilijaribu moja ya programu zile zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja. Sitaitaja jina, na haina haja, zinafanana. Ilichunguza kompyuta, ikaniletea orodha ndefu yenye rangi nyekundu, kuanzia sauti hadi matundu ya USB, kana kwamba mashine ilikuwa inakaribia kuzimika. Ili irekebishe, ilipie. Nikalinganisha toleo la draiva ya grafiki ililokuwa inanipendekezea na lile lililo kwenye tovuti ya mtengenezaji: la kwao lilikuwa la zamani zaidi. Yaani ningelipia kitu kilichopitwa na kile kinachotolewa bure. Alama sifuri, na nikaiondoa kabla haijajiwekea mazoea ya kuwaka kila kompyuta inapowaka.

Tovuti za NVIDIA, AMD na Intel zote zina ukurasa wa kuchagua aina ya kadi na mfumo wa Windows, na unapakua bila kulipa chochote. Andika anwani mwenyewe badala ya kubofya tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji, maana matangazo hayo ndiko programu nyekundu zinakovulia wateja.

Kuhusu kusafisha draiva ya zamani, watu wana dini zao. Wako wanaotumia Display Driver Uninstaller, maarufu kama DDU, kila toleo jipya linapotoka. Nadhani wanapoteza muda. Draiva mpya ikisakinishwa juu ya ya zamani kwa kawaida inajipanga vizuri, na visakinishi vya NVIDIA na AMD vina chaguo la kusafisha kabla ya kuweka. Lakini mimi niliitumia, kwa sababu kompyuta hii iliwahi kuwa na kadi ya kampuni nyingine na mabaki yake yalikuwa bado yamo. Hapo DDU ni chombo kizuri kweli, na ni ya bure. Chomoa intaneti kwanza, la sivyo Windows itawahi kuirudisha draiva yake mwenyewe wakati unasafisha. Washa kompyuta katika hali salama (Safe Mode), endesha DDU, iache iwake upya, kisha weka draiva uliyokwisha pakua. Katikati ya kusakinisha skrini itazima na kurudi, huenda zaidi ya mara moja. Usibonyeze kitu. Kama imeganda nyeusi kwa muda mrefu mno, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huianzisha upya draiva ya picha bila kuzima mashine.

Nikafungua gemu. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Hapa ndipo nadhani watu wengi hukata tamaa na kurudisha ya zamani. Gemu za siku hizi zina programu ndogondogo za kuchora mwanga, vivuli na ngozi ya vitu, zinaitwa sheda, na kila kadi lazima ijitafsirie zake. Tafsiri hizo hutunzwa kwenye diski ili zisirudiwe. Ukibadilisha draiva, hazina hiyo hupitwa na wakati, kwa hiyo kila mlipuko na kila moshi unaouona kwa mara ya kwanza unatengenezwa papo hapo, na gemu inashikwa na kwikwi. Nyingine hufanya kazi hiyo mwanzoni, zikikuonyesha mstari unaojaa taratibu kwenye ukurasa wa kwanza. Usiuruke mstari huo hata kama unaruhusiwa. Nilicheza eneo lilelile tena, na tena, ndipo nikafungua mchoro wa fremu. Vilele vilikuwa vimeisha. Wastani haukupanda kwa kiasi cha kujivunia, pengine fremu chache tu, lakini zile fremu mbovu kabisa, zilizokuwa zinanitia hasira, ndizo zilizoponywa. Kwa kompyuta hii natoa 9 kwa 10.

Alama moja nimeikata kwa sababu ya vikorombwezo vinavyokuja na draiva: kurekodi video, kuweka namba juu ya picha, matangazo ya gemu. Nilizima vyote isipokuwa ninachotumia. Wanaotumia NVIDIA walau wamepata nafuu tangu Novemba 2024, programu ya NVIDIA App ilipochukua nafasi ya GeForce Experience, kwani ile ya zamani ilikudai ufungue akaunti ndipo ikupe draiva.

Na jipya si lazima liwe jema. Mwaka 2010 NVIDIA waliondoa draiva yao 196.75 mtandaoni baada ya watumiaji kuripoti kwamba feni za kadi hazikuzunguka inavyopaswa na kadi zikapata joto kupita kiasi. Matoleo yenye kasoro yametoka kwa kampuni zote. Mimi ninahifadhi faili la draiva ya mwisho iliyokuwa inafanya kazi vizuri, na kwenye ukurasa uleule wa Device Manager kipo kitufe cha kurudisha draiva iliyotangulia. Gemu zako zikienda vizuri, sioni kwa nini ukimbilie kila toleo, isipokuwa maelezo yake yakitaja kuziba tundu la usalama au yakitaja gemu unayoicheza.

Turudi kwenye laptopu. Nilifanya yote hayo, nikiwa na uhakika wa mtu aliyekwisha kufaulu, na hakuna kilichobadilika. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba gemu haikuwa inaitumia kadi kubwa kabisa. Laptopu nyingi za gemu zina grafiki mbili, moja ndogo ndani ya prosesa kwa ajili ya kuokoa betri, na nyingine ya kazi nzito. Task Manager inazionyesha zote mbili na kiasi zinavyotumika, na hapo niliona ndogo inahema huku kubwa imelala. Kwenye mipangilio ya Windows, chini ya mfumo, kisha skrini, kisha grafiki, unaichagua gemu na kuiambia itumie ile yenye nguvu. Gemu ikachangamka.

Ikachangamka, kisha baada ya muda ikaanza tena. Hiyo ni dalili ambayo sasa naitambua bila kipimo: gemu inayoanza vizuri na kuharibika kadiri unavyocheza ina shida ya joto. Prosesa au kadi ikifika kikomo chake cha joto hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Matundu ya hewa ya laptopu ile yalikuwa yamezibwa na vumbi, na mdogo wangu anapenda kucheza kitandani, godoro likiziba hewa ya chini. Tulisafisha, tukaihamishia mezani, na chaja ikawa imechomekwa wakati wote, kwa kuwa kwenye betri laptopu nyingi hubana nguvu ya kadi hata ufanye nini. Ikatulia. Draiva pale inastahili 2 kwa 10, na hata hizo ni za heshima.

Sasa mtu akiniuliza namwuliza kwanza: inakwama lini? Ikikwama unapoingia eneo jipya la ramani, huenda diski ni ya kuzunguka na haiwahi kusoma. Gemu hiyo ihamishie kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Ikiwa picha inateleza ila mchezaji wako anavutwa kurudi nyuma alikotoka, hiyo ni intaneti, na draiva ya grafiki haihusiki kabisa. Ikianza baada ya kupandisha ubora wa ngozi ya vitu (textures), kumbukumbu ya kadi imejaa. Na kama kompyuta haina kadi tofauti bali inategemea grafiki ya ndani ya prosesa, hesabu vijiti vya RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta: kijiti kimoja hufungua njia moja tu ya data, na grafiki hiyo inaishi kwa RAM hiyohiyo, hivyo viwili vinaleta mabadiliko ambayo draiva haiwezi kuyaleta.

Wenye kadi za zamani waangalie tarehe kabla ya kujisumbua. NVIDIA waliacha kutoa draiva za Game Ready kwa kadi za familia ya Kepler, ambazo ni nyingi kati ya GTX 600 na 700, baada ya Agosti 2021. AMD nao mwaka huohuo waliziweka Radeon R9 za mfululizo wa 200 na 300 kwenye kundi lisilopata tena maboresho ya gemu mpya. Ukiingia kwenye ukurasa wa kupakua na ukakuta toleo la mwisho ndilo hilohilo ulilonalo, basi umefika mwisho wa njia hiyo. Shusha vivuli kwanza, kisha ukubwa wa picha, kisha uizuie gemu isizidi fremu 30 kwa sekunde. Fremu 30 zilizo sawa zinachezeka vizuri kuliko 50 zinazorukaruka.