Muujiza: tukio au ishara?

Anayeandaa somo la jumuiya hapa Dodoma ana njia mbili. Ya kwanza inasoma muujiza kama tukio. Yesu analisha umati mara mbili: Marko 6 ina mikate 5 na vikapu 12 vya mabaki. Marko 8 ina mikate 7 na vikapu 7. Ni matukio mawili, na hoja ipo: katika Marko 8:19-20 Yesu mwenyewe anayatenganisha.

Ya pili inatafuta ishara. Huanzia 2 Wafalme 4:42-44, nabii Elisha anapolisha watu 100 kwa mikate 20 ya shayiri, na kuisoma mikate ya Yesu kama mwangwi wa hiyo. Ukiitumia kupita kiasi, kila kikapu kinageuka fumbo. Lakini kwa Yoshua 10:13 tunaipendelea njia hii ya ishara, maana jua kusimama kumeandikwa kishairi.

Kwenye uponyaji ndiko watu wanakoumia. Kutoka "ilitokea" mtu anarukia "na kwangu lazima", anaacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Virusi kutoonekana kwenye kipimo si kupona. Ukiacha dawa vinarudi. Tena anayesoma neno kwa neno asiruke Luka 17:14: wenye ukoma walitumwa kwa makuhani, wakaguzi wa ugonjwa huo kwa mujibu wa Walawi 13 na 14. Basi anayeamini ameponywa apime kwanza, na dawa aendelee nazo mpaka daktari aseme vinginevyo.