Takwimu za mpaka wa Marekani mtandaoni: faili ni zuri, ukurasa wa mbele unapoteza watu

CBP ni idara ya forodha na ulinzi wa mipaka iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani. Takwimu inazotoa kila mwezi hupatikana bure: hakuna akaunti ya kufungua, hakuna barua ya maombi, na kila grafu ina faili lake la CSV (jedwali la maandishi matupu linalofunguka kwenye Excel) la kupakua. Kwa ofisi ya serikali, huo ni ukarimu mkubwa. Kasoro iko kwenye mlango wa kuingilia. Mgeni hupokewa na namba moja kubwa na mistari ya rangi, akaondoka akiamini amesoma idadi ya watu.

Namba hiyo kubwa inahesabu matukio ya watu kukutwa mpakani. Ukikutwa mara tatu, umehesabiwa mara tatu. Tangu Machi 2020 kapu hilo moja limekusanya vitu vitatu tofauti: waliokamatwa na Doria ya Mpaka (kikosi cha CBP kinacholinda nje ya vituo rasmi) wakipita njia za panya, waliojitokeza wenyewe kwenye kituo rasmi wakaonekana hawana sifa ya kuingia, na waliorudishwa papo hapo kwa amri ya afya ya wakati wa korona, maarufu kama Title 42. Amri hiyo ilikoma tarehe 11 Mei 2023. Ilipokuwa hai, mtu alirudishwa Meksiko bila kufunguliwa shauri lolote, akajaribu tena kesho yake. Kwa mwaka wa fedha 2021, CBP yenyewe ilionyesha kuwa asilimia 27 ya waliokamatwa na Doria walikuwa wamekamatwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka huohuo. Mwaka 2019 ilikuwa asilimia 7. Anayelinganisha miaka hiyo miwili bila kulijua hilo analinganisha dagaa na papa kwa kuwa wote wametoka baharini.

Tazama mpaka wa kusini. Mwaka wa fedha 2022 jumla ilikuwa 2,378,944, na mwaka wa fedha 2023 ikawa 2,475,669. Vichwa vya habari viliandika kuwa rekodi imevunjwa, na kwa jumla hiyo ni kweli. Ila fungua safu inayotenganisha vikosi: Doria ya Mpaka ilishuka kutoka 2,206,436 hadi 2,045,838, huku vituo rasmi vikipanda kutoka 172,508 hadi 429,831. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia Januari 2023 watu walianza kupanga miadi kupitia programu ya simu ya CBP One, na kila aliyefika na miadi yake akaingizwa kwenye kapu lilelile. Aliyepanga foleni na aliyeruka ukuta wakawa mstari mmoja kwenye grafu. Ile jumla ya nchi nzima ya takriban milioni 3.2 kwa mwaka huo ina mchanganyiko zaidi, kwa sababu ndani yake wamo hata waliotua kwa ndege viwanja vya mbali na mpaka wakiwa na kibali cha muda kilichoombwa na mdhamini.

Kwa hiyo achana na grafu, chukua faili. Lina safu za mwaka wa fedha, mwezi, kikosi, eneo la mpaka, kundi la watu, uraia, sheria iliyotumika na idadi. Likishafunguka kwenye Excel, tengeneza jedwali egemeo (PivotTable), weka kikosi kwenye safu na mwaka kwenye mistari, kisha chuja mpaka wa kusini. Dakika tano zinatosha.

Mitego ipo. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza 1 Oktoba, hivyo Desemba 2023, mwezi ambao Doria ilihesabu karibu matukio 250,000, iko chini ya mwaka 2024. Wengi wameitafuta chini ya 2023 wakaikosa, au wakachukua Desemba 2022 bila kujua. Miezi imeandikwa kwa herufi tatu za Kiingereza, kwa hiyo kompyuta ikiipanga kialfabeti Aprili inatangulia na Septemba inakaa mkiani. Ongeza safu yako ya namba, Oktoba iwe 1 na Septemba iwe 12. Mwaka ambao haujafungwa huandikwa pamoja na neno FYTD, yaani kuanzia mwanzo wa mwaka hadi sasa. Neno hilo huifanya safu nzima isomeke kama maandishi, na kichujio cha namba hakitaiona. FYTD hiyohiyo ipo pia kwenye safu nyingine inayoonyesha miezi ipi ya miaka iliyopita ilinganishwe na mwaka unaoendelea. Itumie, la sivyo utalinganisha miezi mitano na kumi na miwili.

Kuna faili lililopangwa kwa majimbo na jingine kwa maeneo ya ofisi. Yote mawili yanahesabu matukio yaleyale, usiyajumlishe. Kundi la familia linahesabu mtu mmoja mmoja: mama na watoto wawili ni 3. Na mwaka ukiwa haujafungwa, namba hutoka kwenye mifumo inayofanya kazi na hubadilika. Andika tarehe uliyopakua.

Ukurasa wa hatari kwa usalama wa taifa unahitaji subira zaidi. Jedwali lake linahesabu waliokutwa mpakani majina yao yakiwa kwenye orodha ya washukiwa wa ugaidi inayotunzwa na kituo maalumu kilicho chini ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Kwa mwaka wa fedha 2023 Doria ilikuta 172 kwenye njia za panya: 169 kusini na 3 kaskazini. Vituo rasmi vya nchi kavu vilikuta 564, na hapo ndipo mshangao ulipo: 484 walikuwa upande wa Kanada, 80 tu upande wa Meksiko. Magazeti yalijumlisha yakapata 736 na kuibandika kwenye picha ya ukuta wa kusini. Jumla ni sahihi, picha sio. Mia nne na themanini na nne kati yao walikwenda wenyewe hadi dirishani kwa ofisa wa kaskazini, na mtu yuleyule anaweza kuwa amehesabiwa zaidi ya mara moja.

Ongezeko la Doria lenyewe halipingiki: 16 mwaka 2021, 98 mwaka 2022, kisha 172. Hata hivyo, ukiigawa ile 169 ya kusini kwa matukio yote ya Doria huko unapata takriban 1 kati ya 12,100. Maelezo ya CBP chini ya jedwali yanakiri kuwa orodha imepanuka hadi kuingiza washirika wa waliomo, yaani ndugu au mwenzi wa biashara naye anaweza kuwemo. Jedwali halisemi mtu alikuwa nani wala alifanywa nini baada ya hapo. Huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote katika huduma hii, na hakuna ujanja wa Excel utakaouziba.

Jedwali la wenye rekodi za jinai ni bora kidogo kwa sababu linataja aina ya kosa. Usisome jumla peke yake. Kosa linaloongoza ni lilelile la kuingia au kurudi nchini bila kibali. Tena mtu mmoja mwenye hukumu mbili anaonekana kwenye mistari miwili, kwa hiyo makosa ukiyajumlisha yatazidi idadi ya watu. Dawa za kulevya hupimwa kwa ratili, gawanya kwa 2.2 upate kilo.

Wasiokamatwa kabisa, walioonekana na kamera au kuacha nyayo wakatoweka, hawamo kwenye faili hizi. Makadirio yao hutoka kwa kuchelewa kwenye ripoti ya vipimo vya usalama wa mpaka ya Wizara, au mdomoni mwa waziri akihojiwa na Bunge: Oktoba 2023 Alejandro Mayorkas, waziri wa wakati huo, alikubali kuwa walizidi 600,000 kwa mwaka uliokuwa umeisha.

Msomaji wa Kiswahili atajikwaa kwenye safu ya uraia. Imetaja nchi 21, zikiwemo Romania na Ufilipino, na hakuna hata moja ya Afrika. Mkongomani, Mrundi, Mkenya na Mtanzania wote wamemwagwa kwenye OTHER, pamoja na dunia yote iliyobaki. Anayedai kutaja idadi ya Wakongo kwa kutumia faili hili ameibuni. Nenda kwenye kitabu cha mwaka cha takwimu za uhamiaji kinachotolewa na ofisi ya takwimu ya Wizara, OHSS, kwenye majedwali ya waliokamatwa kwa nchi ya uraia. Humo kila nchi ina mstari wake, ila kinatoka kwa kuchelewa sana. Ukifika herufi C soma polepole: Kongo ziko mbili, zimefuatana, na ya Kinshasa ndiyo iliyoandikwa neno la demokrasia.