Prosesa kubwa ya jikoni: kwa nyumba yenye watu wengi, inafaa

Aliyewahi kupika biriani ya wageni anajua kwamba kazi haiko kwenye wali wala kwenye nyama. Iko kwenye vitunguu. Kilo tano uzimenye, uzikate vyembamba, uzikaange mpaka vipige rangi, na kila kipande kinene kitabaki kibichi wakati vile vyembamba vimeshaungua. Prosesa, mashine ya stima ya kukata na kusaga vyakula, imenitua mzigo huo, na kwa hilo peke yake naisifu kwa moyo mmoja.

Sisi tuko Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, nyumba ya watu wengi, na Ramadhani na Maulidi wageni huzidi. Ndiyo maana nilichukua ile kubwa: injini ya wati 1,100, bakuli la lita 3.6, na ndani yake mabakuli mawili madogo yanayoingiliana. Ni nzito, inapita kilo kumi. Ilivuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, kwa boti, ikapanda kutoka gatini kwa mkokoteni, na tangu ifike haijahama pale nilipoiweka. Na wewe ukinunua iweke karibu na soketi, juu ya meza imara. Ikishaingia kabatini ndiyo basi, hakuna atakayeibeba kila siku.

Kwa vitunguu natumia kisahani cha kukatia cha milimita 2, kinachokaa juu ya bakuli. Unavikata nusu, unavipanga kwenye shingo ya kifuniko, unasukuma taratibu. Usikandamize kwa nguvu, maana ukikandamiza vipande vinatoka vinene na vya kupinda. Kisha vitandaze juu ya kitambaa vipungue maji kabla ya kuingia kwenye mafuta. Vikiwa sawasawa hivyo, sufuria nzima inageuka rangi kwa pamoja. Ila usivitie kwenye kile kisu cha chini, cha kusagia, ukitaka vya kukaanga: vitakuwa uji, vitatoa maji, na mafuta yatakurukia.

Kisu cha chini kina kazi yake, na kazi hiyo ni bajia za kunde. Hapa sina budi kuisema vibaya brenda. Brenda haizunguki bila maji, na ukishatia maji unga wa kunde unalegea, bajia zinakunywa mafuta na kutawanyika. Prosesa haihitaji hata tone. Naloweka kunde usiku, asubuhi nazifikicha maganda yaelee, nazichuja mpaka zikauke, halafu naziingiza na thomu, pilipili mbichi, kitunguu na dania. Nabonyeza na kuachia, nabonyeza na kuachia, nafungua, nakwangua pembeni kwa mwiko, narudia. Nasimama pale ninapoona chenga ndogo ndogo, kabla haijawa laini kabisa. Kisha naupiga unga huo kwa mkono ndani ya bakuli jingine mpaka upate hewa. Bajia zake zinakuwa kavu nje, laini ndani, na zinakaa hivyo mpaka baada ya magharibi.

Na hapo ndipo ukubwa unapolipa. Nusu kilo ya kunde kavu ikishalowa inazidi kilo moja. Kwenye mashine ndogo utaigawa mafungu mengi, na injini itaanza kunuka kabla hujamaliza. Mashine hizi zilianzia Ufaransa, kwa Pierre Verdon wa kampuni ya Robot-Coupe, na zilitengenezewa jikoni za mikahawa kabla ya zile za jina la Magimix kuingia majumbani miaka ya 1970. Asili yake ni kupikia watu wengi.

Nazi inahitaji maelezo zaidi. Mbuzi inakuna nyeupe na kuacha lile ganda la kahawia kwenye kifuu. Prosesa inasaga chochote unachoitilia, kwa hiyo lazima utoe nazi kifuuni na ulimenye ganda lote kwa kisu, la sivyo tui linakuwa la kijivu. Kwa nazi moja au mbili mama mkwe na mbuzi yake wanamaliza mapema. Zikifika sita au zaidi, za samaki wa kupaka na wali wa nazi wa shughuli, mashine ndiyo yangu. Nazisaga, natia maji ya vuguvugu, nachuja kwa kifumbu kama kawaida.

Mahamri inakanda, lakini tia tui la baridi, kwa sababu kisu kinapasha unga joto. Dakika moja inatosha. Achari ya embe na karoti za kachumbari ni kazi ya dakika. Mkate wa kumimina hapana: mchele hausagiki ukawa laini, hiyo iachie brenda. Mdalasini na iliki navyo vitaruka tu na kukwaruza bakuli, kinu kibaki palepale. Thomu punje tatu zitie kwenye bakuli dogo, kwenye kubwa kisu kinapita juu yake.

Stima isikutishe. Wati 1,100 kwa dakika kumi haifiki robo ya uniti ya tokeni. Cha kuogopa ni stima kuruka, kwa hiyo chomoa kila ukimaliza. Na hewa yetu ya chumvi haina huruma, hata chuma kisichoshika kutu kinapata madoa kikiachwa na maji. Osha, futa, anika kivulini, funika.

Kabla hujalipa, uliza jambo moja dukani: kifuniko na bakuli vinauzwa peke yake? Mashine hizi hazizunguki mpaka kijino cha kifuniko kijifunge mahali pake. Ya wifi yangu, ya kampuni nyingine, kijino kilikatika, na duka alikonunua halikuwa na kifuniko wala halikujua kitatoka wapi. Injini yake nzima kabisa, imekaa tu. Wakikujibu kwa kusitasita, nenda duka jingine.