Uzoefu wangu: taa ya taiming kwenye injini ya 2F iliyotoka ovahoo, Tabora

Nianze na gari maana najua ndo swali la kwanza. Ni Land Cruiser pikapu, FJ45 ya 1978, injini 2F ya petroli, silinda sita, cc 4,230, kabureta na distribyuta ya pointi (kile kinachogawia plagi cheche), hamna kompyuta hamna sensa, chuma na waya tu. Nabebea asali toka Sikonge kuja Tabora mjini. Mwaka juzi likaanza kula oili, ukiachia mafuta kwenye mteremko nyuma unaona moshi wa bluu, plagi ya namba nne kila wiki natoa imelowa, nkasema basi tushushe injini tuifanyie ovahoo, yaani kuifungua yote na kuifanya upya.

Bloku na kranki nlipeleka kuchongwa na hiyo kazi sina neno nayo, imechongwa safi. Pistoni na ringi ovasaizi, beringi mpya, hedi ikasawazishwa. Kuunganisha akafanya fundi wangu wa siku zote, mtu mzima, mikono yake naiamini, tatizo lake ni moja tu na tutafika huko. Siku ya kuwasha iliitika mara ya pili, watu gereji wakapiga makofi, akafungua nati ya distribyuta kuseti taiming (lini plagi ipige cheche), akaizungusha kushoto kidogo kulia kidogo huku ameinamisha kichwa kama anasikiliza redio, akakaza, akasema "hapo hapo bosi, taiming imekaa."

Mjini gari tamu. Shida ilianza siku ya kwanza kwenda Sikonge. Kurudi na mzigo, kama kilomita 30 hivi, mshale wa joto ukaanza kupanda taratibu mpaka unagusa nyekundu, nkasimama chini ya mwembe, kufungua boneti hewa inayotoka ni ya tanuri. Nkasubiri saa nzima, nkaongeza maji, nkaenda, baada ya kilomita 20 mchezo ule ule. Nguvu pia hamna, mlima mdogo unataka gia ya pili wakati kabla ya ovahoo na ulevi wake wote wa oili ule mlima nlikua napanda na ya tatu.

Fundi akasema injini ni mpya bado inabana, ringi hazijajizoesha, lazima ipate joto. Sikatai, injini iliyotoka ovahoo ina msuguano zaidi na joto linaweza kuwa juu kidogo kilomita za mwanzo, ila juu kidogo na kuchemsha ni vitu viwili tofauti jamani. Basi nkaanza kutoa hela. Rejeta ikafunguliwa ikasafishwa. Kifuniko cha rejeta kipya, na hiki nakubali kilihitajika, maana Tabora tupo kama mita 1,200 juu ya bahari, maji matupu yasiyo na presha huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwahiyo kifuniko kikishaacha kushika presha umejichimbia shimo. Wota pampu mpya. Mkanda mpya. Kulanti badala ya maji ya bomba. Gari likaendelea kuchemsha vile vile, akaanza kunitajia gasketi ya hedi, hapo ndo nkasema subiri kwanza.

Kitu kingine nlikuja kugundua, termostati hakuna! Aliitoa wakati wa kuunganisha, anasema Tabora joto tupu hatuhitaji. Hii tabia ya mafundi wetu ya kutupa termostati mi sielewi ilianzia wapi. Ile kitu kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la kazi mapema na kuiweka hapo. Yangu ni ya nyuzi 82, inaanza kufungua hapo inamalizikia kama 95, na injini kama hii ikitembea kati ya hizo namba mbili ipo sawa kabisa. Ukiitoa unapata nlichopata mimi, asubuhi ya mwezi wa saba mshale haunyanyuki, mafuta yanaingia mengi, oili inapata maji maji, afu mchana ukiwa na mzigo inachemsha vile vile maana haikua dawa ya kuchemsha tangu mwanzo.

Sa nije kwenye kitu chenyewe. Shemeji yangu alikua anaenda Dar nkamwagiza Kariakoo taa ya taiming, ile ya kushika kama bastola, inamweka kila plagi namba moja ikipiga cheche, na kipima joto cha kumulika, ndugu yake wa vile walivyokua wanatupiga navyo kwenye paji la uso wakati wa korona (vile vya paji la uso havifai kwa injini, vinaishia chini sana, uliza kwanza). Vyote viwili vimenigharimu laki na elfu ishirini, chini ya ile wota pampu ambayo haikua na kosa lolote.

Kwenye 2F alama za taiming haziko mbele kwenye puli kama magari mengi, ziko kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Kuna kidirisha kidogo juu ya stata, ukichungulia humo kuna mstari, huo ni pistoni namba moja ikiwa juu kabisa, na kuna kigololi cha chuma kimepigiliwa, hicho ndo nyuzi 7 za mzunguko (sio za joto) kabla ya juu. Cheche inatakiwa itoke kigololi kikiwa kwenye mshale wa hicho kidirisha, injini ikiwa na joto lake, inanguruma polepole kama mizunguko 650 kwa dakika, na mpira wa vakyumu (unaounganisha distribyuta na mvuto wa hewa wa injini) umechomolewa umezibwa. Kigololi kilikua cheusi hakionekani nkakipaka rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nlisemwa siku mbili.

Saa kumi na mbili jioni nkabana ile klipu kwenye waya wa plagi namba moja, nkamulika. Kigololi sikioni. Naona mstari tu umesimama kwenye mshale. Yaani cheche inatoka pistoni ishafika juu, nyuzi saba zote zimepotea. Sikio la fundi lilipenda pale kwa sababu injini ikichelewa hivyo inanguruma kwa upole, haigongi.

Ila kubwa lilikua bado. Nkamwambia kijana apige resi taratibu mpaka 2,500 hivi, nkiendelea kumulika. Alama ilitakiwa ikimbie, maana ndani ya distribyuta kuna vizito viwili na springi, mzunguko ukiongezeka vinatanuka vinaiwahisha cheche. Yangu haikutikisika. Mstari umeganda pale pale kama umechorwa ukutani. Tukazima, nkafungua kifuniko cha distribyuta nkashika rota (kile kinachozunguka humo ndani) nkaizungusha kwa vidole, inatakiwa izunguke kidogo afu iruke irudi, yangu ngumu kama bolti ya gurudumu. Ilioshwa kwa petroli wakati wa ovahoo ikawekwa stoo wiki tano bila tone la oili, vizito vikashika kutu.

Hapo ndo kila kitu kikaeleweka. Barabarani injini inazunguka haraka, cheche inakuja imechelewa sana, moto unaendelea kuwaka wakati valvu ya eksozi inafunguka, joto badala ya kusukuma pistoni linaishia kwenye hedi, kwenye maji na kwenye manifoldi. Ndo maana nguvu hamna na joto limejaa, afu mjini huoni kitu.

Tukatoa sahani ya pointi, vizito vikalowekwa dizeli usiku, asubuhi brashi na oili nyepesi, rota ikaanza kuruka vizuri. Tukarudisha, tukaseti pointi kwanza (usiseti taiming kabla ya pointi, ukigusa pointi taiming inahama), tukaleta kigololi kwenye mshale. Fundi mwenyewe ndo kashika taa. Alimulika akanyamaza, akamulika tena.

Safari ya Sikonge iliyofuata, mapipa yale yale, termostati mpya ndani, nkawa nasimama napima pale kwenye shingo ya termostati, 84, 87, mara moja 91 nlipotoka kwenye mchanga. Kabla ya hapo nliwahi kupata 104. Mlima naupanda na ya tatu.

Kasoro za taa zipo. Mchana wa jua la Tabora huoni kitu, ngoja jioni au weka turubai. Waya zake fupi, klipu za betri nusura ziingie kwenye feni. Na kwa nyuma ina kitufe cha kuzungusha nyuzi, kikiwa hakipo sifuri inakudanganya na hutajua, mi siku ya kwanza nliseti upya mara mbili kwa sababu hiyo. Pamoja na hayo naipa nane kwa kumi. Kipima joto naipa sita, kwenye chuma kinachong'aa kinasoma chini, paka rangi nyeusi sehemu unayopima.

Sa hivi nnavyoandika taa haipo kwangu, ipo gereji. Fundi aliiazima Jumanne kwa ajili ya Peugeot 504 ya mzee mmoja, kasema ataileta kesho asubuhi.