Kamera ya ndani ya gari au sensa za siti: eabegi imsikilize nani?

Sensa za uzito chini ya siti ya abiria, zinazoamua eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga abiria ajalini) iwashwe au izimwe, zinajua kilo, basi. Mfuko wa unga wa kilo 25 na mtoto wa darasa la kwanza kwazo ni abiria yuleyule. Mtu mzima akijilaza mlangoni, uzito unahamia pembeni, taa ya PASSENGER AIR BAG OFF inaweza kuwaka, na eabegi inazimwa kwa mtu aliyeihitaji.

Kamera inasoma mkao. Inaona kichwa kilivyosogelea dashibodi, mkanda uliopitishwa mgongoni, miguu iliyopandishwa juu. Nyingi hukaa karibu na kioo cha kati na kumulika kwa infraredi ya nanomita 940. Jicho haliioni, na jua haliisumbui sana kwa sababu mvuke wa maji angani hunyonya sehemu kubwa ya mwanga huo. Za nanomita 850 hutoa wekundu hafifu unaokera usiku.

Mtihani ni kasi. Eabegi hujaa kwa takribani milisekunde 30. Kamera ya picha 30 kwa sekunde hupiga moja kila milisekunde 33. Ikingoja kishindo, imechelewa. Jibu lazima liwe tayari muda wote, hasa dereva anapokanyaga breki na abiria kutupwa mbele.

Udhaifu wake ni kuzibwa. Kofia pana, kizuia jua kilichoshushwa, pambo la manukato linaloning'inia kiooni, lenzi iliyofutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya kung'arishia dashibodi. Funika kiti cha mtoto kwa kanga, kamera inaona kanga. Hapo kilo ndizo zinazosema ukweli, kwa hiyo mfumo wa kamera peke yake hatuupi alama za juu. Zikiwepo zote mbili, gari linastahili bei yake. (Mtoto wa kiti kinachotazama nyuma akae siti ya nyuma, kamera iwepo isiwepo.)

Matengenezo: kamera ikifunguliwa pamoja na kioo, pembe yake isetiwe upya kwa mashine ya kupimia mifumo ya gari. Siti nayo ina yake. Kwenye Toyota zenye sensa kwenye fremu ya siti, ikishang'olewa, hata kwa kushonewa kava, inasetiwa sifuri ikiwa tupu, kisha inawekewa uzito wa kilo 30. Mashine isome kati ya 27 na 33. Mafundi wengi hufunga bolti nne na kukabidhi ufunguo. Dai usomaji huo kabla ya kulipa.