Bakuli la baga bila mkate: nyama ya ng'ombe au kuku?

Ukishaondoa mkate, nyama ndiyo inayobeba bakuli zima. Mimi nachagua ya ng'ombe iliyosagwa, isiyo na mafuta mengi. Itandaze kwenye kikaango cha moto mkali, usiiguse kwa dakika 3 hivi, mpaka chini iwe ya kahawia na kingo zianze kukauka. Hapo ndipo ladha ya baga inapopatikana. Mwaga mafuta yaliyotoka, iache ipoe kidogo ili majani ya saladi yasinyauke, kisha ongeza nyanya na matango ya siki.

Kidari cha kuku kilichosagwa kina mafuta machache zaidi, ila hukauka upesi. Kichanganye na kitunguu kilichokunwa. Na lazima kiive hadi nyuzi 74 za Selsiasi, wakati ya ng'ombe 71 zinatosha.